Moja na Mbili za Okito

Nestor tulimzika mwezi wa tatu, kwa hiyo sasa mdomo wangu uko huru. Okito akisikia nimesema atanuna wiki nzima. Anune tu, nimeshazoea kununiwa na mwanaume huyu, na wali nitampikia vilevile.

Okito ni mume wangu. Ukimtafuta leo utamkuta hapa Kindu, mtaa wa Alunguli, mbele ya nyumba, ananyoosha magurudumu ya baisikeli za watu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Lakini mimi nilipomjua alikuwa mtu wa gari la moshi. Kofia ya kazi alikuwa anaivaa hata siku ya kupumzika. Treni ikiingia Kindu tulikuwa tunasikia honi tukiwa sokoni, na mimi nilikuwa ninajivuna mbele ya wanawake wenzangu kana kwamba hiyo honi nimeipiga mwenyewe. Siku zile zilikuwa tamu. Nasema bila haya, hata sasa nikiipita ile stesheni moyo unaniuma.

Kisha vita vikaja, na treni ikasimama. Majani yakaota katikati ya reli mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanashiba pale. Wanaume wa reli hawakujua kukaa nyumbani. Kila asubuhi walinawa, wakachana nywele, wakaenda kazini kama kawaida, wakaingia ndani ya behewa moja la mizigo na kucheza karata hadi jua linainama. Okito alikuwa ananiaga kabisa, anasema amechelewa. Amechelewa wapi, na treni haiko?

Mchezo wenyewe waliuita nusu-nusu. Uliletwa zamani na kapteni mmoja wa mashua, naye aliupata kwa wageni huko mbali. Kila mtu anapewa karata nne, anazificha. Tano zinafunguliwa mezani kidogo kidogo, na wewe unachagua mbili zako kuunganisha na tatu za mezani. Kile kilichowekwa kati kinakatwa vipande viwili: nusu ya mwenye karata za juu, nusu ya mwenye karata za chini. Mtu mmoja akishinda juu na chini, anabeba yote. Hayo ya juu niliyaelewa. Ya chini sikujisumbua nayo. Kwangu mimi karata ndogo ilikuwa takataka.

Jumapili walifanya mashindano. Kila mmoja anaanza na kokwa thelathini za chikichi, zikimwishia anatoka, na wa mwisho anabeba chumvi ambayo kila mtu alikuja nayo kijiko kimoja. Usicheke. Mwaka elfu mbili na mbili, mji ulipofungwa, hakuna kitu kilichotoka wala kuingia, tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi mpaka ulimi unasahau. Okito alileta chumvi nyumbani mara nyingi kuliko wenzake, na usiponyamaza alikueleza namna alivyoipata. Usifukuze nusu, alikuwa anasema. Karata unayoingoja isiwe ya kukupa upande mmoja tu, kwa sababu utaweka kokwa zako zote kati, na ikifika utarudishiwa zilezile ulizoweka, kama hukupunjwa. Ngoja ile itakayokupa pande mbili. Na kokwa zako zikibaki chache, usingoje kabisa, tupa karata, uishi. Hayo niliyasikia nikipepeta, nikifua, nikisali. Nilikuwa ninamwambia anyamaze.

Kulikuwa na desturi moja ndani ya behewa lile. Mwenye karata ndiye anayetaja alichonacho. Usichotaja si chako, hata kama unacho. Na karata ukishaitupa kifudifudi, hakuna mkono wa mwingine unaoruhusiwa kuifunua. Walikuwa wanalinda desturi hiyo kuliko walivyolinda mabehewa.

Mwezi wa nane wa mwaka ule nilikuwa na mimba ya miezi sita na miguu imevimba. Blanchard, mtu wa pirogi, mtumbwi mrefu wa kasia, alikuwa amepata njia ya kupanda mto alfajiri mpaka upande wa Kibombo, kule kwa mama yangu, ambako kulikuwa na mihogo na mchele. Alibakiwa na nafasi mbili. Watu sita wa reli walimwomba, wote rafiki zake, mmoja shemeji yake. Alishindwa kuchagua. Akasema wacheze, ili asije mtu kumlaumu: wawili wa mwisho watagawiwa mkono mmoja wa karata, juu ni nafasi moja, chini ni nafasi moja.

Okito alitaka zote mbili, yake na yangu. Aliniambia nije kumwangalia, jambo ambalo hakuwahi kuniomba. Nikakaa nyuma yake juu ya gunia tupu, nimeshika tumbo. Alicheza siku nzima kama alivyokuwa anahubiri, anatupa, anatupa, anangoja za pande mbili, na wenzake wakatoka mmoja mmoja. Mwishoni wakabaki yeye na Nestor.

Nestor alikuwa mpakiaji mizigo wa reli pale bandarini, mtu mkubwa, mpole. Mke wake Déborah alikuwa amekwama hukohuko juu ya mto na mtoto wa kiume wa miezi mitano ambaye baba yake hakuwa amemwona. Habari ilikuwa imefika kwamba mtoto anachomwa na homa na kule dawa haiko. Nestor alikuwa na vidonge ndani ya mfuko wa shati, vimefungwa kwa karatasi, na kila baada ya muda alikuwa anaugusa mfuko. Yeye nusu ilimtosha. Sisi nusu haikututosha.

Mkono ule ninaukumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Okito alipewa wafalme wawili, na moja, na mbili. Mezani kukafunguliwa mfalme, tisa, saba. Nikaona wafalme wamekuwa watatu, nikamshukuru Mungu. Ikaja tatu. Ya mwisho ikaja nne. Okito akazitazama karata zake kwa muda mrefu. Akamtazama Nestor, ambaye mkono wake ulikuwa tena mfukoni. Halafu akaweka mezani wafalme wake wawili, na zile ndogo akazitupa kifudifudi ndani ya lundo.

"Niko na juu tu," akasema.

Nestor akafunua mbili na tano, akataja chini, akaanza kulia. Nafasi moja yetu, nafasi moja yake.

Alfajiri Okito alinishika mkono mpaka majini. Nilikuwa na hasira naye kupita kiasi, hodari wa mji mzima, siku moja tu niliyomhitaji ameshindwa. Akasema, "Espérance, enda. Mimi nitakuya." Nestor akanisaidia kuketi, akapiga kasia siku mbili bila kulalamika, na tulipofika akakimbia mbele bila hata kuniaga. Mtoto alipona. Wanamwita Florentin.

Okito alikuja baada ya miezi minane. Binti yetu Princesse alikuwa amezaliwa bila baba mlangoni, na mimi kila usiku nilijua kwamba Okito amekufa, sikudhani, nilijua. Alipotokea kwenye njia ya shamba, amekonda, amebaki masikio, nilimpiga kwa mwiko kwanza, ndipo nikamkumbatia.

Na tangu siku hiyo sikumwacha. Miaka ishirini na zaidi. Akichelewa sokoni, nilisema, wewe si ndiye uliyekosa nafasi mbili. Akivunja kikombe, ndivyo hivyo. Siku ya ndoa ya Princesse nilisimama mbele ya wageni nikasimulia namna baba wa bibi arusi alivyoshika wafalme akapata nusu, watu wakacheka, na Nestor akacheka kuwapita wote. Okito alitabasamu tu, akaendelea kula.

Sasa Florentin ni mwalimu. Miaka miwili iliyopita aliamua kufufua mashindano ya wazee, Jumapili, kwenye banda la bati karibu na kwetu, zawadi ni jogoo. Akasema wanawake nao waingie. Nilijiandikisha ili nimwaibishe Okito. Kwa kuwa yeye alikataa kunifundisha, Florentin akaja nyumbani kunifundisha.

Alianza na yale ya chini. Chini, alisema, ni karata tano tofauti ambazo hakuna inayopita nane, na anayeshinda ni mwenye ndogo zaidi, na moja ndiyo ndogo kuliko zote. "Mama Princesse, ukipewa moja na mbili, hiyo njo mali. Usitupe."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikachukua karata mimi mwenyewe, nikapanga mezani mfalme, tisa, saba, tatu, nne. Nikaweka pembeni wafalme wawili, na moja, na mbili. Nikamuuliza, huyu mwenye hizi nne, ana nini.

Florentin akacheka. Akasema huyo anabeba yote, juu na chini, na kwa chini hakuna mtu duniani wa kumpita. Nikamuuliza, je, mwenye mbili na tano? Akasema huyo arudi nyumbani na mikono mitupu.

Nilimtazama kijana yule, na shingo yake nene ya baba yake. Nilimwambia nimechoka, tutaendelea kesho.

Okito alikuwa nje na gurudumu lake. Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Ulikuwa na moja na mbili."

Akaendelea kulizungusha gurudumu. Nilijua amesikia kwa sababu alilizungusha bila kuliangalia. Mwishowe akasema mimi nilikuwa ninaenda kwa mama yangu, na mtoto wa Nestor alikuwa anamngojea nani?

Nikamuuliza mbona hakuchukua zote, halafu akampa Nestor nafasi moja waziwazi, watu wote wakaona.

"Angekatala," Okito akasema. "Na kama angekubali, angeniinamia maisha yake yote. Miye nilitaka rafiki."

"Na miye? Kama ningekufa kule?"

"Wewe? Ile kasirani yako peke yake ingekufikisha."

Nililia. Nililia kwa hasira ya miezi ile minane, ambayo hata leo sijaimaliza, na nililia kwa kila mara nilipomcheka mbele za watu naye ametulia. Ningeweza kumpiga tena kwa mwiko. Ningeweza pia kupiga magoti. Sikufanya lolote kati ya hayo, nikaingia ndani kuinjika maji.

Jumapili tulikwenda bandani. Nestor alikuwa ameshaanza kuugua, ameletwa kwa pikipiki, amekalishwa kwenye kiti chenye mto. Nilikuwa nimepika samaki na wali wa watu wote. Karata zikawa zinachanganywa, na Nestor, kama kila tulipokusanyika, akaniita.

"Mama Princesse, tuelezee tena vile huyu baba alikosa pirogi."

Watu wakageuka kunitazama. Florentin pia. Mikono ya Okito ikasimama juu ya karata, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mume wangu ananiogopa.

"Alicheza mubaya," nikasema. "Wafalme watatu, na karata ndogo hakujua kuzitafuta."

Nestor akacheka mpaka akakohoa, akapiga goti lake, akasema maskini Okito, maskini. Okito akaanza kugawa karata.

Kichwa cha samaki, kwangu, simpi mtu. Tangu nikiwa msichana ni changu, hata Princesse akiwa mtoto alikililia nikamnyima. Siku ile nikakitoa kwenye sahani yangu, nikakiweka kwenye ya Okito. Akakila chote, hakuniachia hata jicho.