Mayai Mawili Masafi

Juzi, kwenye duka moja Kashaulili, niliona mashine ya kutotolesha vifaranga. Kila yai lilikuwa limechorwa kwa penseli. Nikaangalia pembeni.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Majengo, mama aliyachora kwa mkaa mayai yaliyoatamiwa. Mimi niliona ni uchafu tu. Mchana ule tulikuwa tunamsubiri bibi, mkwe wake mama, atoke stesheni, na nyumba ilinukia vumbi lililonyunyiziwa maji. Nikataka kusaidia usafi. Kuku alipotoka kunywa, nilifuta mayai mawili kwa kitambaa kibichi kabla hajarudi kunidonoa.

Sikujua kwamba yai lisilo na alama ndilo jipya, limetagwa na kuku mwingine kwenye kiota hicho, na ndilo la kuliwa.

Mama akamchemshia bibi yale mawili. Bibi alipomenya la kwanza, harufu ya manyoya ya kuchemshwa ilijaa sebuleni. Kifaranga alikuwa amejikunja humo.

"Ndivyo mnavyopokea wageni nyie?" bibi aliuliza taratibu.

Mama alikitazama kitambaa chenye weusi wa mkaa mkononi mwangu, kisha akampigia bibi magoti.

"Nisamehe, mama. Nilisahau kuyawekea alama."