Kuku wa Mkunga wa Musonoi

Siku hizi watu wa Kasai wanakuja tena Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Katanga. Wanafika na malori na treni, mizigo kichwani, watoto mgongoni, wanauliza njia ya kwenda kwenye kazi. Na pale bombani mtaani kwetu maneno ni yaleyale ya zamani. "Banakuya kutukamatia kazi," alisema jirani yangu juzi, akitupa bidoni yake ya maji chini. Nikamwambia, "Mama, jaza mayi yako uende. Bale bantu mi nabajua." Akacheka, akadhani natania.

Sikutania hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi bukari, ugali wetu, ikaungua.

Baba yangu alitoka kaskazini, upande wa Manono, akaletwa huku na kampuni ya migodi. Alipofika Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni hapa Kolwezi, aliwakuta Wakasai tayari, nao wameletwa na kampuni hiyohiyo, zamani zaidi. Wenye nchi walikuwa watu wengine kabisa, na hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo mtu akianza kunieleza nani mgeni Kolwezi, namwomba kwanza anitajie mahali alipozaliwa babu yake. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Mkunga wetu wa Musonoi alikuwa mama wa Kasai, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ukilia alikukemea. Ukinyamaza alikukemea pia, eti unaficha nini. Na ole wako ufike kuzaa bila sabuni mpya ambayo haijaguswa na maji! Hiyo aliidai kabla hajakuuliza unaumwa wapi. Tulimwogopa, na hakuna aliyetaka kuzalishwa na mwingine.

Alikuwa na desturi yake. Kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka, ulimpelekea kuku mzima. Alimshika, akang'oa unyoya mmoja wa bawa, akakurudishia uuweke chini ya nguo anayolalia mtoto. Maana yake: zawadi imefika, sina kinyongo na wewe, mtoto huyu sasa ni wako kabisa. Mama ambaye hakurudishiwa unyoya hakupata usingizi, wala hakuthubutu kumwita mtoto kwa jina. Sijui desturi hiyo ilikuwa ya kwao au aliitunga mwenyewe. Kwetu ilikuwa sheria.

Mume wake alikuwa mkubwa wa karakana ya kampuni, pale walipotengeneza mota za pampu zinazotoa maji mgodini. Mume wangu alifanya mafunzo chini ya mzee huyo. Alirudi jioni mikono imejaa grisi, akinisimulia jinsi mzee anavyosikiliza mota kwa kuweka bisibisi sikioni. Alimpenda sana, na hilo naomba mlikumbuke.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mambo yakaharibika. Mgodi wa chini ya ardhi uliporomoka, shaba ikapungua, mishahara ikachelewa, halafu ikawa ya kusikia tu. Wakubwa wa jimbo wakasema kwenye redio kwamba Wakasai ndio wameshika kazi zote. Wakiondoka, kila mtoto wa Katanga atapata yake. Wakawaita bilulu, yaani wadudu. Mume wangu alikuwa amemaliza shule, hana kazi, na mimi nina mimba ya kwanza. Si mtu mbaya. Alikuwa na njaa na diploma, na hivyo viwili vikikaa pamoja mtu anasikiliza redio yoyote.

Siku moja nilimwona akipita barabarani na vijana wenzake, tawi la majani mkononi, wanaimba kwamba Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Mkunga alizaliwa Musonoi! Alipoingia ndani nikamuuliza, "Na mi, nani atanizalisha? Weye?"

"Bana-Katanga batajifunza," akasema, kama walivyosema wote barabarani.

"Batajifunza mbele ya hii tumbo ishuke?"

Akaenda kulala.

Wakasai wakafukuzwa. Walitolewa nyumba kwa nyumba, wakaenda kukaa gare, kwenye stesheni ya treni, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao walikuwa wanaisikia tu. Walilala chini ya mashuka na maturubai. Kila siku tulisikia kwamba kuna waliokufa, watoto hasa.

Uchungu ulinishika mchana, mvua inanyesha. Tulienda maternite ya Musonoi, hospitali ya kuzalia, mume wangu akinisukuma juu ya baiskeli. Mlango ulikuwa wazi, vitanda viko, mtu hakuna. Mama aliyefagia pale, mwenzetu wa kaskazini, alikuwa ameketi peke yake na ufagio wake. "Bote bako ku gare," akasema. "Bakunga, baganga, bote. Mi najua kufagia tu, mama."

Mume wangu alisimama kwenye mvua. Nilijua anachoogopa. Gare palikuwa na watu waliomwona na lile tawi. Nikamwambia, "Nikufe hapa sababu ya haya yako? Sukuma!" Akasukuma.

Tulipofika, wanawake wa mbele walitufungia njia. Mmoja alisema kwa sauti, "Baende kwa bantu yabo. Si balisema batajifunza?" Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Maneno yalikuwa yetu, yalikuwa yameturudia tu. Mara nikasikia ile sauti kutoka ndani ya turubai.

"Nani ule analia vile? Sabuni yako iko wapi?"

Yo! Sabuni! Nilikuwa nimeisahau nyumbani, mezani, bado imefungwa. Nilianza kulia kuliko mwanzo, si kwa uchungu, kwa sabuni. Mkunga akatoka, amekonda, kitenge kimeshikamana na matope, akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Tangu lini mi nazalisha bila sabuni?" Ndipo yule mwanamke aliyetuzuia njia akainama kwenye mzigo wake, akatoa kipande chake cha sabuni mpya, akakitupa kwenye beseni bila kunitazama. Watu wale walikuwa hawana hata cha kufulia nepi.

Wakashika vitenge, wakanizungushia ukuta. Nje ya ukuta nilisikia sauti ya mwanamume ikimwambia mume wangu, "Kijana, kamata bidoni, leta mayi. Usisimame tu." Ilikuwa ya mume wa mkunga, yule mzee wa karakana. Hakusema neno lingine, wala kuhusu tawi, wala kuhusu nyimbo. Mume wangu aliteka maji, akarudi, akatumwa tena, kama wakati wa mafunzo.

Mtoto wangu alizaliwa pale, msichana, katikati ya makemeo. Mkunga alimfuta, akamfunga, akanikabidhi. "Kitovu kikianguka, unajua kazi yako," akasema. Nikaitika, ndiyo mama.

Kazi mume wangu aliipata baadaye; acha niseme sasa nisirudi tena huko. Walimpa nafasi kwenye karakana ileile na ovaroli ya mzee, ambayo ilimpwaya mabegani. Alidhani kazi ni kama nafasi kwenye benchi la kanisa, mmoja akitoka mwingine anakaa. Lakini mota ilipogoma hapakuwa na wa kumuuliza, na wenzake wapya walimtazama yeye. Walimu walikuwa wameondoka, fundi wa cherehani ameondoka, mwenye tanuru la mkate ameondoka, na pamoja nao wameondoka walionunua mboga za mama yangu. Sisemi kampuni ilianguka kwa ajili hiyo peke yake; ilikuwa mgonjwa tangu zamani, na waliokula mali yake hawakuwa bombani kwetu. Nasema tu kwamba tuliambiwa kazi zitabaki, na kazi ziliondoka na watu.

Narudi kwa kuku. Kitovu kilianguka asubuhi moja, na asubuhi hiyohiyo tukasikia kwamba treni imefika. Kuku tulikuwa naye mmoja, jike, na nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kula isipokuwa muhogo. Mama yangu aliniambia, "Wacha. Na hali hii, ataelewa." Nilijua ataelewa. Lakini je, mtoto wangu? Nilikuwa bado mdogo wa akili, na moyoni niliamini kabisa kwamba treni ile ikiondoka bila kuku, mtoto atabaki nusu yangu, nusu ya gare.

Mume wangu ndiye aliyemkamata kuku. Sikumtuma.

Tulikuta mabehewa yamejaa hadi juu ya paa, na mengine ni ya kubebea mawe ya shaba, hayana hata dirisha. Tulipita pembeni tukiita, "Mama mukunga wa Musonoi! Iko wapi?" Sauti yake sikuisikia. Treni ikapiga honi. Mume wangu akamwinua kuku juu ya kichwa, akampa mikono ya kwanza aliyoikuta. "Ya mama mukunga," akasema, "bibi ya chef wa atelier, ule mukubwa wa karakana. Tafazali."

Yule mtu alimtazama kuku, akamtazama mume wangu. Walikuwa wamekaa na njaa siku nyingi, na uso wa mume wangu waliujua. Angemshika akanyamaza, nani angemuuliza? Akageuka, akampitisha kwa wa nyuma yake. Nikamwona kuku akienda juu ya vichwa, akipigapiga mabawa, behewa hadi behewa, mpaka nikampoteza. Treni ikaanza kusogea taratibu.

Tulitembea nayo sambamba, mtoto mgongoni mwangu. Niliomba Mungu kwa sauti, sioni haya kusema. Karibu na mwisho wa gare niliona mikono ikinyanyuka tena mbali kule mbele, mmoja baada ya mwingine, ikirudi nyuma kuelekea kwetu, watu wakigeuka na kunyoosheana kitu kidogo ambacho sikukiona. Mkono wa mwisho ulikuwa wa yule mtu wa kwanza. Ilibidi ajiinamishe, na mume wangu akakimbia kukipokea.

Ulikuwa unyoya wa bawa, haujavunjika.

Mume wangu aliketi chini kwenye kokoto za reli akiwa ameushika kwa mikono miwili. "Baliurudisha," akasema. "Na ile njala yote, baliurudisha." Akalia hapo, mbele za watu, mpaka treni ikapotea. Mimi nikamshusha mtoto mgongoni, nikauweka unyoya chini ya nguo yake, nikamwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza.