Bibi Shamba Aliyeibiwa Baiskeli Rujewa

Alipostaafu, Esnath alipanga upya vyombo vya jikoni kwake Uyole mpaka mumewe akawa hajui kikombe chake kiko wapi. Alipalilia bustani isiyokuwa na magugu. Alifagia uwanja asubuhi, na mchana akaufagia tena. Maisha yake yote ya kazi alikuwa bibi shamba, mtu wa kuzunguka vijijini kwa baiskeli akiwaelekeza wakulima wa viazi na mahindi, na sasa miguu ilikuwa inamwasha.

"Mama Ambokile, hebu keti," Isaka, mumewe, alimwambia.

"Nikiketi naumwa."

Isaka yeye alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa seremala, anayeweza kuinamia ubao mmoja tangu asubuhi bila kunyanyua kichwa, na kuku wa pale nyumbani walimzoea hata wakawa wanalala juu ya viatu vyake akiwa kazini.

Basi siku moja Esnath akatangaza kwamba anakwenda Iringa kwa baiskeli, kumwona Faustina, rafiki yake waliyesoma pamoja chuo cha kilimo. Majirani wakacheka. Ambokile, mtoto wao, akapiga simu kutoka Dodoma akifoka kwamba mama anataka kuwaaibisha. Isaka hakucheka wala hakufoka. Alichonga kasha la mkaratusi, akalipaka vanishi na kulifunga kwenye keria ya baiskeli ili mkewe apate pa kuweka nguo.

Mteremko wa kuelekea Chimala ulimpa Esnath furaha aliyokuwa ameisahau. Kitenge kilipepea, malori yalimpita yakikoroma, na mbele yake bonde la Usangu likafunguka jeupe kwa joto. Aliimba peke yake. Alipofika Igawa hakunyoosha. Alikata kuelekea Rujewa, kwa sababu tangu ujana hakuwahi kujua namna ya kulipita shamba bila kulitazama, sembuse mashamba ya mpunga ya nchi ile.

Akasimama kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baiskeli aliiegemeza ukutani, akaona haina haja ya kufuli, anachungulia tu. Mle ndani mlikuwa na kelele na vumbi la pumba. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri magunia yake, Joyness, alimwonyesha punje kiganjani, wakaanza kuulizana habari za mbegu kwa kupaziana sauti. Esnath alipotoka nje, ukuta ulikuwa mtupu.

Kwanza alidhani amekosea upande. Alizunguka jengo zima. Akazunguka tena. Kisha akakimbia ndani kumwita Joyness.

Joyness alimpeleka polisi wakaandikisha, akamkaribisha kulala kwake. Kule polisi waliambiwa wasubiri. Lakini Esnath na kusubiri! Kulipopambazuka alikuwa ameshatoka. Alikwenda kwa mafundi baiskeli wote wa mjini, akakagua kila fremu iliyoning'inizwa. Alipita kingo za mifereji akiwauliza wavunaji. Kila baiskeli iliyolia kengele nyuma yake ilimgeuza shingo. Chakula alikitafuna amesimama mlangoni, macho njiani.

Isaka aliposikia kwenye simu, alipanda basi akaja. Esnath alimtazamia aanze kusaka naye. Badala yake mume aliomba benchi kwa muuza chai aliyekuwa karibu na daraja la mfereji mkubwa, akaketi.

"Umetoka Uyole kuja kukaa?" Esnath alimuuliza kwa uchungu.

"Joyness anasema mashamba yote ya ng'ambo njia yake ni hii. Mwenye gurudumu hana pengine pa kupita."

"Na kama imeshapelekwa Mbeya?"

"Basi imekwenda. Wewe zunguka, mimi nakaa."

Esnath akaondoka bila kuaga. Siku ile alikwenda mbali kuliko zote, mpaka kwenye maboma ya wafugaji, na aliporudi, koo kavu, aliona watu wamejaa darajani. Isaka alikuwa katikati yao, suruali imelowa mpaka magotini, ameshika usukani wa baiskeli. Joyness ndiye aliyemsimulia: kijana mmoja alikuja akiiendesha huku akipiga mluzi, kasha limejaa vitunguu. Isaka akanyanyuka taratibu, akashika lile kasha na kusema, "Kijana, hili nimelichonga mimi." Yule kijana aliachia usukani. Aliruka mferejini akapotelea kwenye mpunga, na baiskeli nusura imfuate majini, Isaka akaingia kuidaka.

Esnath alifurahi, na papo hapo akaona wivu. Amezunguka nchi nzima, na aliyepata ni aliyeketi.

"Sasa turudi nyumbani," Isaka alisema.

"Naenda Iringa."

Isaka alikamua maji kwenye suruali. "Haya. Mimi nina mlango wa watu sijaumaliza." Akamfungia kasha vizuri, akapanda gari la kurudi.

Njia iliyobaki haikuwa ile aliyoianza. Makambako, kwenye baridi inayopenya mifupa, alikunywa chai amesimama na mkono mmoja kwenye siti. Mafinga alikuwa amepanga kujilaza chini ya misonobari, lakini kila alipofumba macho alisikia mnyororo ukizunguka, akayafumbua. Kwenye nyumba za wageni aligombana mpaka akaruhusiwa kuingia na baiskeli chumbani.

Karibu na Ifunda, akiwa anaikokota baiskeli kwenye kilima, mwanamume aliyekuwa akipanga nyanya kando ya barabara aliacha kazi akaja. "Mama, pole na mlima. Lete nikusukumie."

"Usiiguse!" Esnath alipiga kelele. "Nawajua nyie!"

Yule mtu alirudi nyuma mikono juu. Uso wake ulishuka, kisha akarudi kwenye nyanya zake.

Faustina alimpokea Kihesa, mjini Iringa, kwa vigelegele na salamu ya Kihehe. "Kamwene! Kamwene, mwenzangu! Kwa baiskeli kweli?" Alipoona mgeni anaiingiza baiskeli sebuleni, matairi yakiacha vumbi kwenye zulia, hakuuliza. Alisogeza meza.

Walikula, wakataja waliosoma nao, waliokufa na waliotajirika. Lakini kila mara Esnath alinyanyuka, mara dirishani, mara mlangoni.

"Una nini wewe? Si iko hapa hapa mbele yako?"

Ndipo Esnath akamweleza. Habari ya kuibiwa aliisimulia haraka, kama ya mtu mwingine. Alipofika kwa yule mtu wa Ifunda, akaanza kusema polepole. "Miaka yote vijijini, Faustina, watu wamenisukumia baiskeli kwenye matope. Hata majina yao sikuyauliza. Leo mtu ananijia kwa wema namfukuza kama mwizi."

"Sasa unataka nini?"

"Nirudi Ifunda."

"Umefika leo!"

"Najua."

Faustina alicheka mpaka akashika ubavu, lakini asubuhi alitafuta viatu vyake wakaenda wote kwa gari la abiria. Baiskeli ilibaki sebuleni, na Esnath aligeuka kuitazama ile nyumba mpaka kona ilipoificha.

Muuza nyanya, Ambrosi kwa jina, aliwaona wanashuka akamtambua mara moja. Akasimama, mikono ameiweka nyuma.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi," Esnath alisema. "Nilikuwa nimeibiwa. Lakini si wewe uliyeniibia."

Ambrosi alichora chini kwa kidole cha mguu. "Iliniuma, mama," alisema. "Nililala nayo." Kisha akageuza ndoo mbili tupu, akazipangusa kwa kiganja. "Karibuni mkae."

Faustina alikaa. Esnath alianza kusema kwamba hawana muda, gari litapita, baiskeli iko peke yake. Akanyamaza. Akakaa kwenye ukingo wa ndoo, magoti yakimchezacheza, akaokota nyanya yenye madoa, akaanza kumuuliza Ambrosi zimeshikwa na ugonjwa gani.