Mkono wa Tan Rufina

Kisiwa kizima cha Guam, enzi zile za gavana wa wanamaji wa Kimarekani, hapakuwa na pua iliyoogopwa kama ya Kike Taitano. Na pua yenyewe ya kawaida tu. Ungeiokota njiani usingeuliza ni ya nani.

Kwetu ukikutana na mzee unainama, unaushika mkono wake, unaugusa kwa pua, naye anakubariki: "Mungu akusaidie." Asiyefanya hivyo hakulelewa, aliokotwa. Sasa Daktari Haskell, mkuu wa ofisi ya afya, alikuwa akiwasaka wenye ukoma awapakie meli ya kwenda kisiwa cha wakoma huko Ufilipino, ambako hajarudi mtu. Watu wakimwona tu wanaingia msituni. Kike, msaidizi wake, ndiye aliyemletea ujanja.

"Bwana Daktari, wewe kaa uvute kiko chako. Mimi nitainama."

Akiinama, ukucha wake unaufinya mkono wa mzee, kidogo tu, huku pua ikipokea baraka. Aliyeshtuka ni mzima. Asiyeshtuka, ganzi hiyo ya ukoma, na ganzi ni meli.

Kazi ikaenda kama moto wa makuti. Kike akapewa kofia na viatu, akatamba mpaka kuku wa kijiji chetu, Inarajan, wakamchoka. Akamfundisha hata daktari kuinama na kufinya. Lakini wazee si wajinga. Kike akitokea, mikono yote kwapani. Tun Ignasio (kwetu "Tun" ni Mzee, na "Tan" ni Bibi), mkorofi kuliko wote, alimwambia wazi:

"Baraka zangu nilizimaliza jana. Kanuse mbuzi."

Kike akacheka. Yeye bado alikuwa na mama, Tan Rufina. Baraka za mama haziishi.

Ila mama naye akawa na shughuli. Leo mikono ina tui, kesho inanuka samaki. Kike akaondoka bila baraka, akarudi, akaondoka tena. Siku moja akamkuta jikoni akigeuza chapati za mahindi kwenye chuma cha moto kwa vidole vitupu. Alikuwa akimsifia kwa hilo: mama yangu haungui! Safari hii alisikia harufu, na haikuwa ya mahindi.

"Mama, mkono!"

"Mkono umefanya nini?"

"Unaungua!"

Tan Rufina akautazama kama wa jirani. Akauficha chini ya kanga ya kiunoni. Kike akakaa sakafuni na kofia yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Paka."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe, mwanangu, ndiye niliyekuwa nakuogopa."

Basi hapo ndipo yule bingwa alipolia kama kitoto. Amfiche msituni? Yeye ndiye aliyemwonyesha daktari kila pango. Na sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kijiji, ilikuwa imefika. Daktari mgeni wa heshima, wazee wote benchi la mbele. Mzee asiyekuja, daktari angemfuata nyumbani.

"Utakuja," Kike akamwambia. "Akikuinamia, piga kelele. Sema 'Ai!' Kama umefinywa."

"Nitajuaje kwamba amefinya?"

"Wewe sema tu, mama."

Siku ya siku, daktari akalifuata benchi, mkono kwa mkono, mzee mmoja baada ya mwingine akiruka na kumtukana kwa Kichamoro. Alipomkaribia Tan Rufina, Kike akajitia katikati, jasho likimtiririka.

"Huyu mama yangu, Bwana Daktari. Nimeshamsalimu kwa niaba yako. Twende, nyama inapoa."

"Mama yako? Basi huyu ndiye wa kuinamiwa zaidi. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Akanyoosha mkono. Ulikuwa bado haujamfikia, hewa tupu kati yao.

"Ai!" akapiga kelele Tan Rufina.

Benchi zima likaangua kicheko. Tun Ignasio akasema, "Huyo ana kucha ndefu, zinafinya kwa mbali!" Daktari hakucheka. Akaushika mkono, akafinya, akafinya tena kwa nguvu. Tan Rufina alikuwa ameshamaliza kelele yake. Akakaa kwa adabu, akisubiri kichwa kiinuke ambariki.

"Mungu akusaidie, mwanangu," akamwambia daktari.

Kike alimpigia magoti daktari mbele ya kijiji kizima. Alivua kofia, akavua na viatu, akaviweka miguuni pake. Daktari akavitazama, akasema pole, na pole haikuzuia meli.

Siku ya kupakiwa, askari walikataza kugusana. Mashua ikasukumwa. Kike akaingia majini mpaka kifuani, akaita, "Mama! Mkono!" Tan Rufina akaunyoosha juu ya maji, vidole vimefungwa vitambaa. Ulikuwa mbali, haufikiki. Kike akainama hivyohivyo, pua ikagusa chumvi.

Na kutoka kule mashuani, mama akapiga kelele:

"Ai!"

Ufukweni mtu mmoja akacheka, kwa mazoea tu. Alikuwa Tun Ignasio. Akajifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya kicheko kwisha.