Wageni wa Kulipa

Diwani wetu alipozikwa, mji mzima ulikwenda. Maduka yalifungwa, kwaya zikaimba, na nimeambiwa watu walikula pilau mpaka wengine wakabeba ya nyumbani. Mimi nilibaki kwangu nikafua mablanketi. Hayakuwa machafu. Nilitaka tu kila anayepita kuelekea mazishini aone kwamba siku hiyo nilikuwa na kazi nyingine.

Najua haifai kumsema marehemu. Lakini huyu nilimsema akiwa hai, mbele ya macho yake, na sioni kwa nini kufa kwake kunibadilishe ulimi.

Mji wetu ulikuwa mdogo, ng'ambo ya Migwani ukishika njia ya kaskazini. Ulikuwa na mtaa mmoja wa maduka, kinu cha posho, kanisa, steji ya basi na uwanja wa soko. Siku ya soko watu walitoka mbali, wengine huko Tseikuru na mbuzi wao, na kwa kuwa magari yalikuwa machache na barabara ilikuwa ya kuvunja mgongo, walifika jana yake. Aliyefika jana yake alihitaji mahali pa kulala.

Mimi nilikuwa fundi wa nguo. Mume wangu alikwenda Mombasa kufanya kazi bandarini, na huko akapata nyumba nyingine yenye mke ndani yake. Sitamzungumzia zaidi ya hapo. Aliniacha na watoto na ploti nyuma ya soko, moja ya zile ploti ambazo mwenyewe ni baraza la mji na wewe unakaa tu kwa ruhusa yao. Nyuma ya nyumba nilijenga vyumba vitatu kwa matofali niliyochoma mwenyewe. Nia yangu ilikuwa kuweka vyerehani na kuajiri wasichana. Kabla sijapata hata cherehani cha pili, mama mmoja mzee kutoka Tseikuru akaja kuniomba alaze vibuyu vyake vya asali ndani, visiibiwe sokoni. Nikamwambia alaze vibuyu na alale na yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mambo ya wageni. Yule mama alikuja kila soko, mrefu, mkavu, na sauti ya kuitia ng'ombe. Nilimwita mwaitu, kama ninavyomwita mama yangu mzazi. Nyuma yake wakaja wauza ndengu na wauza vyondo. Akaja pia mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu kutoka upande wa Garissa, ambaye loji ya steji ilimfukuza kwa sababu ananuka mbuzi. Alinuka mbuzi kweli. Lakini alikuwa mtu msafi wa tabia kuliko wote waliolala kwenye hiyo loji, na alfajiri aliswali uani kwangu polepole asiwaamshe watoto.

Sikumtajia mtu bei hata siku moja. Kwetu mgeni hatajiwi bei. Anakuja na mkono wake, na wewe unapokea bila kuangalia ndani mpaka ameondoka. Mwaitu aliacha asali au samli. Wa ndengu waliacha ndengu. Mtu wa Garissa aliacha noti chini ya sufuria, na akiwa amechinja, mguu wa mbuzi. Nisijifanye malaika: vitu hivyo ndivyo tulivyokula. Kushona viraka vya sare za shule hakumlishi mtu. Vyumba vile vitatu vilinifanya nisiandike barua ya kuomba Mombasa, na hilo kwangu lilikuwa kubwa kuliko chakula chenyewe.

Sasa loji ya steji ilikuwa ya nani? Ya diwani. Ghorofa moja, rangi ya kijani, maji ya mapipa. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele akafumba macho na kuomba mpaka uji unapoa majumbani. Wageni wake wengine hawakungoja usiku ndipo walale. Waliingia mchana wawili wawili na kutoka kabla ya saa kumi. Mji mzima ulijua. Yeye alikusanya hela zao kwa mkono uleule aliogawia sakramenti.

Basi siku moja tukaitwa kwenye ukumbi wa mji kuonyeshwa ramani mpya. Ile ya zamani, tuliambiwa, ilichorwa na Wazungu wakati hapa palikuwa na maduka machache na vichaka. Hii mpya ilikuwa na rangi. Nyekundu ni biashara, kijani ni soko, manjano ni makao ya watu. Ploti yangu ilikuwa manjano. Diwani alisimama na fimbo yake akatugongea ramani.

"Mkiona hapa ni residensho," akasema, na neno hilo alilitafuna kwanza ndipo akalitoa. "Residensho ni ya kukaa na familia. Si ya loji. Hatuwezi kuwa mji na kila mtu analaza watu wa barabara kwa nyumba. Hatujui wanaleta magonjwa gani. Wasichana wetu wanaharibika. Mtu wa kulaza wageni wa kulipa aende akajenge kwa mtaa wa mbele, na ajenge mawe."

Ploti za mtaa wa mbele, ule wa maduka, zilikuwa zimeisha. Nusu zilikuwa za diwani na za shemeji zake.

Nikasimama. Nikamuuliza magonjwa yanayokuja usiku kwangu yanatofautianaje na yale yanayokuja mchana kwake. Ukumbi ukacheka mpaka mabati yakalia. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa upole, ule upole wa kanisani, akasema, "Mama wa cherehani, wewe tutakuita kwa kamati." Watu husema nilijiponza kwa mdomo wangu. Si kweli. Alikuwa ameshaipaka ploti yangu manjano kabla sijafungua mdomo.

Karani wa baraza hakuwa mtu mbaya. Alinipata dukani nikinunua uzi, akanisogelea.

"Mama, sikiza," akasema. "Sheria iko na maneno yake. Inasema wageni wa kulipa. Mgeni wako wa nyumbani, hakuna mtu anaweza kukukataza, hata Rais ako na wageni. Leta mtu mmoja anayelala kwako aseme halipi. Hapo wamekwisha."

"Na wasiponiamini?"

"Wewe uko na kesi nzuri. Lakini ukishindwa, mama, vyumba vitabomolewa. Na baadaye wakikupata umepokea kitu tena, hata kibaba, hiyo ploti yote inarudi kwa kansol."

Ploti yote irudi kwa baraza, pamoja na nyumba niliyozalia watoto.

Mtu wa Garissa alikuwa amekwenda na mifugo yake na hakuna aliyejua angerudi lini. Nikamngojea mwaitu. Alipofika nilimweleza yote, taratibu, tukichambua ndengu. Nikamwambia atakachoulizwa ni kimoja tu, kama ananilipa, na jibu lake ni hapana, yeye ni mgeni wangu. Hakuna uongo ndani yake. Sijawahi kumdai.

"Hiyo ni kitu kidogo," akasema. "Nitasema. Nani huyo anataka kukuvunjia nyumba?"

Siku ya kamati alivaa lesso mpya na kufunga kichwa. Ukumbi ulijaa; wauza soko waliacha bidhaa zao kwa watoto wakaja kusikiliza. Karani akauliza kama ilivyoandikwa: mama, wewe hulipa pesa kulala pale? Mwaitu akasema hapana, mimi ni mgeni wake. Safi kabisa. Karani akashika kalamu. Nilianza kupumua.

Ndipo diwani akaegemea mbele. Hakukasirika. Aliweka ile sauti ya kumwombea mgonjwa.

"Mwaitu," akasema, "nimesikia na nimekuhurumia. Pole sana. Kumbe miaka hii yote umekuwa ukilala kwa huyu mama bure. Na kula bure. Wewe hauna shamba huko kwenu? Hauna watoto wa kukusaidia? Mtu mzima kama wewe, kila soko, mkono mtupu?"

Kuna mtu nyuma alicheka kidogo. Mmoja tu, lakini alitosha.

Nilimwona mwaitu akinyooka. Nikamvuta lesso. Akaniondoa mkono, akasimama.

"Mimi?" akasema. "Mimi ndio nile ya mtu bure? Umeniona nikiomba wapi? Mimi niko na mizinga mpaka ng'ambo ya mto! Niko na ng'ombe na niko na mbuzi! Muulize huyu mtoto ni nani anamletea asali. Muulize samli ya kupikia inatoka wapi. Watoto wake walipougua surua ni mbuzi wa nani walichinjiwa supu? Sijalala kwa mtu nikatoka bila kuacha kitu, tangu nizaliwe! Mama yangu hakunizaa ombaomba!"

Ukumbi ukampigia makofi. Wanawake wa soko walipiga vigelegele. Hata mimi, kwa nusu ya dakika, nilitaka kushangilia, maana alikuwa ameongea vizuri. Halafu nikamwona diwani amejilaza kitini, mikono tumboni, anatabasamu.

"Asante, mwaitu," akasema. "Karani, andika. Mgeni wa kulipa."

Hicho ndicho ambacho sijamsamehe. Loji yake, hela zake, ramani yake ya rangi, hayo ni tamaa, na tamaa ya watu nimeizoea. Lakini yeye alikuwa Mkamba kama sisi. Alijua kwamba mtu wa kwetu unaweza kumpiga akanyamaza, ila ukimwambia amekula bure mbele za watu, atasimama. Alichukua kitu kizuri kabisa alichokuwa nacho yule mama na akakifanya nyundo ya kubomolea vyumba vyangu.

Nje ya ukumbi mwaitu alinishika mabega. Uso wake uling'aa.

"Umesikia nilivyowanyamazisha?" akaniuliza. "Walikuwa wanataka kusema unafuga maskini."

Nikamrekebishia lesso begani. Ningefungua mdomo ningemtukana, na si yeye niliyetaka kumtukana.

Waliniamuru nibomoe mwenyewe, na nikabomoa. Sikutaka askari wa kansol wanishikie hata tofali moja. Nilipanda juu na suruali ya zamani ya mume wangu, nikang'oa mabati, watoto wakipokea chini. Diwani akapita njiani na Biblia kwapani akasema Mungu anibariki kwa kutii sheria. Nilimwambia Mungu ampe yeye kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye uhitaji. Kuanzia wiki hiyo askari mmoja wa kansol akawa anaketi siku za soko chini ya ukuta wa kinu cha posho, mkabala na mlango wangu. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyempanga pale.

Mwaitu alifika jana ya soko kama kawaida, na kibuyu chake. Alisimama uani akaangalia kuta zilizobaki nusu, bila paa. Nikamweleza kilichotokea baada ya ile hotuba yake, bila kuzunguka. Sijui alielewa kiasi gani. Alisema tu, "Lakini nilisema ukweli." Nikasema ndiyo, ulisema ukweli. Nikampa kitanda changu, mimi nikalala na watoto.

Asubuhi aliamka, akanawa, akafunga mizigo, kisha akaleta kibuyu mlangoni na kuninyooshea. Mlango ulikuwa wazi. Askari alikuwa ameshafika, ameketi pale kwenye kinu, ametukodolea macho.

"Siwezi kuchukua, mwaitu," nikasema.

"Chukua. Ni ya watoto."

"Yule pale ananiangalia. Nikichukua watanipokonya nyumba. Rudi nayo. Njoo ulale kwangu siku zote, lakini usiniletee kitu."

Akamtazama askari. Akanitazama mimi. Nilimweleza tena, nikimbembeleza kwa Kikamba na kwa Kiswahili, nikimwambia ni sheria, si mimi. Mkono wake ulibaki umenyooka na kile kibuyu. Hakuna neno langu lililokuwa linaingia. Kwake kulikuwa na watu wa aina mbili tu waliolala kwa mtu bila kuacha kitu, mwizi na ombaomba, na mimi nilikuwa nimemwambia, mlangoni kwangu, asubuhi na mapema, achague mmoja.

Akateremsha mkono. Akasema asante kwa malazi, kwa Kiswahili, kama anavyosemeshwa mtu wa ofisi. Akabeba vitu vyake akaenda.

Soko lililofuata hakuja kwangu. Alilala kwenye baraza ya duka pamoja na wauza vyondo, na mvua ikawapiga. Nilisikia habari hiyo asubuhi, nikakimbia sokoni na blanketi. Nilimkuta ameketi nyuma ya vibuyu vyake, lesso ikiwa bado imelowa mgongoni. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwita mwaitu, nikamwomba twende nyumbani akakauke.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kibuyu, akachukua kikombe chake cha kupimia, akaniuliza nataka asali kiasi gani.

Nikasema kikombe kimoja. Akapima, akakijaza sawasawa, wala hakuniongezea hata tone, na akanitajia bei.