Jembe la Bibi Nisilolisikia

Juzi jioni, hapa kwangu Hamugembe, binti yangu alinifuata jikoni na kijiko alichokifunga uzi mrefu katikati. "Mama, zungushia ncha za uzi kwenye vidole, halafu ziba masikio kwa vidole hivyohivyo." Nikatii. Akakigonga kijiko kwa kisu. Mama wee! Kijiko kilekile cha chai kikanguruma kichwani mwangu kama kengele ya kanisa. Mtoto akacheka. Mimi nikakaa kwenye kigoda na kununa, maana wivu niliodhani umekufa uliamka palepale.

Ngoja nikusimulie, na usinicheke.

Tulikuwa darasa la sita, kule Buganguzi. Mwalimu wa sayansi alituagiza tulete majembe yasiyo na mipini, tujifunze sauti. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na jembe moja tu, la kulimia njugu mawe kule rweya, kwenye nyika iliyokuwa nje ya kibanja chetu cha migomba. Mawe ya huko yalikuwa yamelila mpaka likabaki upana wa kiganja. Aling'oa mpini mwenyewe huku akitafuna punje zake za kahawa, akanikabidhi. "Mchana nilione hapa, mjukuu wangu. Njugu hazijui shule."

Jirani yetu, msichana niliyekuwa nikichota naye maji, alileta jembe jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Nikalificha la bibi chini ya sketi. Mwalimu akalifunga la jirani kwa kamba ya katani, akamwambia azungushie ncha vidoleni na kuziba masikio, kisha akaligonga kwa msumari. Sisi tulisikia "ti" tu, basi. Mwenzetu alifumba macho, akatabasamu, akawa kama hayupo nasi.

"Waitu, mwalimu! Kengele!" akaita, kwa neno la heshima la kwetu.

Mwalimu akasema kila kitu kigumu kina sauti yake, ila hewa huimwaga njiani, kamba ndiyo huifikisha. Akaanza kutuita mmoja mmoja, kila mtu na jembe lake. Kila aliyesikia alirudi kwenye dawati akijidai. Wote niliwaonea wivu, lakini yule jirani nilimchukia kabisa. Jembe jipya lake, viatu vyake, na sasa hata kengele ameanza yeye! Zamu yangu ilipofika nikasema, "Sitaki. La kwetu nimeshalisikia." Uongo mtupu. Mwalimu yule hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinidai jembe la bibi, akalifunga, akauliza nani anataka. Jirani akanyoosha mkono.

Alisikiliza muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na safari hii hakutabasamu. Alipotoa vidole masikioni alinirudishia jembe kwa mikono miwili. Sikumshukuru. Nilirudi nyumbani peke yangu, na bibi aliponiuliza tumejifunza nini, nikasema hakuna kitu. Hasira hasara, alizoea kusema, nami nilidhani anawasema wengine.

Bibi ametangulia. Rweya yote sasa ni misonobari, na njugu mawe nanunua sokoni kama mgeni. Jembe lenyewe mjomba aliliuza kwa watu wa vyuma chakavu, hata matanga hayajaisha.

Basi baada ya kijiko kile nikampigia simu yule jirani wa Buganguzi. Siku hizi anauza vitenge Muleba. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, kisha nikamuuliza kama anakumbuka yale majembe.

"Langu nimelisahau, dada," akasema. "La bibi yako ndilo nalisikia mpaka leo."

Jembe la bibi yangu mimi, nililolibeba mwenyewe asubuhi ile, sauti yake imebaki kichwani mwa mtu mwingine, na hakuna mwingine aliye nayo duniani.

"Lilikuwa likilia vipi?"

Akajaribu kuliigiza kwa mdomo, "mmm", akaacha. "Siwezi, dada. Ulipewa kamba ukakataa."

"Rudia ile 'mmm' hivyohivyo," nikamwambia.

Nikaibana simu sikioni, sikio la pili nikaliziba kwa kidole.