Mkono Alionyoosha Kinyozi

Mke wa kinyozi alishafariki na binti zake wameolewa mbali. Mtu pekee aliyebaki wa kumtania kinyozi alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili. Kutwa walirushiana vijembe, mpaka wateja wakasahau kilichowaleta.

Mafuriko yalipoingia hospitalini, mashine za kusafisha damu zilizosalimika zilikuwa mbili, na wenye figo mbovu walikuwa wengi. Ikaundwa kamati ya kuamua nani apate. Walitaka na raia mmoja asiye daktari. Wakamchukua kinyozi, maana alijulikana na wote na hakuwa na makuu.

Majina yalifichwa. Daktari alisoma hali ya mgonjwa tu, na kanuni ilikuwa atangulie mwenye matumaini zaidi ya kuishi. Siku moja ikabaki nafasi moja. Upande huu kijana, ambaye baadaye ilijulikana ni mwalimu. Upande ule mwanamume wa makamo, moyo nao umechoka, aliyekatwa kidole cha mguu mwaka uliopita.

Kinyozi akamtambua. Siku ya kukatwa kidole kile, yeye ndiye aliyempeleka fundi viatu hospitali. Angeweza kusema, "Huyu ni ndugu yangu, nitoeni humu." Walipoulizwa nani anamtaka kijana, akanyoosha mkono pamoja na wenzake.

Maneno hayana miguu, lakini hufika. Fundi alikuja akijikokota, miguu imevimba, akajitupa kitini.

"Ninyoe."

Kinyozi akampaka povu. Wembe ulipofika shingoni, fundi akauliza, macho kayafumba:

"Na wewe ulinyoosha?"

"Nilinyoosha."

"Ningekuwa mimi, nisingenyoosha. Ningewaambia, huyu ni kinyozi wangu, wengine mtajijua."

Kinyozi akacheka. Kisha akauondoa wembe shingoni.

"Maliza bwana," fundi akasema. "Utaniacha nusu nusu kama mbuzi mwenye upele?"

Akamaliza.

Haukupita muda fundi akafa. Msibani, mke wa marehemu alimpa kinyozi mkono, akasema kwa adabu, "Asante kwa kuja, shemeji," kisha akamgeukia mwingine. Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Mashine nyingine zikaletwa, kamati ikavunjwa, kila mtu akashika lake. Wateja waliendelea kuja, ila wakikaa kitini hawana la kusema. Mara nyingine kinyozi alipata kichekesho kizuri, akatoka mbio kukipeleka mlango wa pili, akajikuta amesimama barazani peke yake.

Mwalimu alipata nafuu, akarudi darasani. Hajui chochote. Asubuhi hupita na mkoba wake, akamsalimia kinyozi kama anavyomsalimia kila mtu mzima wa mtaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama tu."

Kinyozi humsindikiza kwa macho mpaka apotee konani, kisha huingia ndani kutafuta la kufanya.